Mpira ukibadili mikono: jinsi ya kuipanga timu ya futiboli ya Australia

Futiboli ya Australia haina ofsaidi. Mpira ukichezwa, mchezaji husimama popote atakapo, na uwanja ni mkubwa mno: umbo la yai, urefu mita 135 hadi 185, upana mita 110 hadi 155, watu 18 kila upande. Ukipoteza mpira, mpinzani anaweza kuwa tayari ametulia nyuma ya mabeki wako akisubiri pigo refu. Kwa hiyo ulinzi hupangwa mpira ukiwa bado mikononi mwenu. Mengine yote katika mwongozo huu yanatokana na hilo.

Kwa mgeni wa mchezo: maki ni kuudaka mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi bila kuguswa na mtu njiani, na aliyedaka hupewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Pasi ya mkono hupigwa kwa ngumi kutoka kiganja cha mkono wa pili. Kurusha ni kosa. Mpira ukipita kati ya nguzo mbili ndefu kwa pigo la mguu la mshambuliaji ni goli, pointi 6. Ukipita kati ya nguzo ndefu na fupi ni pointi 1.

Hatua ya 1: Gawa uwanja kwa hatari

Chora ukanda wa kati unaounganisha magoli mawili, kisha pande mbili za kando. Mpira ukipotea kando, mstari wa nje unakusaidia kukaba, kwa sababu mpinzani amebaki na njia chache. Ukipotea katikati, anaweza kupiga kulia, kushoto au mbele, na goli lako liko wazi mbele yake. Lakini usiwakataze vijana wako kupita katikati, maana ndiyo njia fupi na ndiyo inayowavunja wapinzani. Wape sharti moja: pigo la katikati liende kwa mtu aliye peke yake, na nyuma yake wawepo wenzake wawili.

Hatua ya 2: Tandaza wavu nyuma ya mpira

Hapa ndipo timu nyingi changa huanguka. Washambuliaji wanapigania mpira ndani ya tao la mita 50, yaani mstari uliopinda ulio mita 50 kutoka goli, mabeki wamebaki golini kwao wakipumzika, na kati yao kuna shamba tupu. Mpinzani akiupata mpira anatembea nao.

Wasogeze mabeki, mistari yao iwe kama wavu. Mstari wa kwanza wa watu watano au sita ukae mita 15 hadi 20 kutoka penye mapambano. Mstari wa pili usimame kwenye mraba wa kati, ule wa mita 50 kwa 50. Beki wa mwisho arudi nyuma kidogo ya mahali ambapo pigo la mita 55 lingetua, ili mpira usimpite juu ya kichwa.

Mtu na mtu wapishane mita ngapi? Pigo la mita 50 hukaa hewani kama sekunde 2 na nusu hadi 3. Katika muda huo, mchezaji ambaye ameshaanza kukimbia hufika karibu mita 15 hadi 20 mbele. Basi beki aliye mita 15 kutoka kwa mtu wake anawahi kuupiga mpira ngumi kabla haujadakwa. Aliye mita 30 atabaki mtazamaji.

Klabu ya Hawthorn chini ya kocha Alastair Clarkson waliufanya wavu wa namna hii, unaosogea pamoja na mpira, kuwa silaha yao mwaka 2008. Katika fainali ya ligi kuu ya Australia, wapinzani wao Geelong walipata nafasi nyingi zaidi za kufunga, 34 kwa 25, lakini wakafungwa pointi 115 kwa 89. Siku hiyohiyo Hawthorn walikuwa wakiupeleka mpira nyuma ya goli lao kwa makusudi, wakitoa pointi 1 ili waanze upya na mpira. Msimu uliofuata sheria ikaanza kuadhibu jambo hilo, kwa hiyo usilitegemee leo.

Hatua ya 3: Sekunde 5 za kwanza baada ya kupoteza

Mpira ukiwa mikononi mwa mpinzani anayekimbia, wa karibu zaidi anamvamia na kumkamata. Wa pili asimfuate mtu yuleyule. Asimame upande wa katikati kukata pasi ya ngumi. Wa tatu anarudi upande wa goli. Waliobaki wote wanakimbia kwanza kuelekea goli lao, kisha ndipo wanatafuta wa kumkaba. Anayeanza kwa kutafuta mtu hukimbia kimshazari, na mshazari huo ndio mlango unaoachwa wazi.

Mpinzani akichukua maki, mambo ni tofauti. Tangu 2021 anayesimama mbele ya mpigaji haruhusiwi kujongea. Akisogea, mwamuzi anasogeza mpira mita 50. Maana yake hawezi tena kuziba pigo la kuingia katikati. Kazi hiyo ni ya mwenzake, asimame nyuzi 45 upande wa ndani, mita 20 hadi 25 kutoka kwa mpigaji. Weka hapo mtu mwenye mbio, na pale mbele abaki yeyote aliye karibu.

Hatua ya 4: Mnapoupata

Tazama beki aliyedaka maki mita 60 kutoka goli lake, mstari wa nje ukiwa kushoto kwake. Kabla miguu haijatua, mabega yameshageukia kulia. Jicho la kwanza linatafuta pigo la nyuzi 45 kuelekea katikati, la pili linamtafuta mwenzake anayepita mbio karibu naye kwa pasi ya ngumi. Moja, mbili. Kama hakuna aliye huru, asilazimishe.

Wakati huohuo winga wa upande wa pili anapanua uwanja, na washambuliaji wanaukimbia mpira kwanza ili waache nafasi, kisha wanarudi kwa kasi kuufuata. Kosa la kawaida ni watu wanne kuukimbilia mpira. Kila mmoja huja na mkabaji wake, na nafasi inakufa.

Njia ya mbele ikizibwa, hamisha upande kwa mapigo mawili ya mita 40. Mpokeaji wa katikati akisita sekunde 2 tu, wavu wa mpinzani umeshahamia. Na pasi ya ngumi isipewe mtu aliyesimama: atakamatwa akiwa nayo.

Hatua ya 5: Mipira ya kuanzisha

Baada ya pointi 1, beki huanzisha kutoka mraba wa goli. Tangu 2019 halazimiki kujipigia kwanza. Anaweza kutoka akikimbia na mpira, na akifanya hivyo haraka hupata mita kadhaa kabla wavu haujakaa.

Mpira unapoanzishwa katikati, sheria hutaka kila timu iwe na watu sita katika kila tao na sita katikati, wanne kati yao ndani ya mraba. Hakuna beki wa ziada, kwa hiyo patana mapema na winga mmoja arudi nyuma mara mpira ukianza kuchezwa.

Hatua ya 6: Zoezi

Chukua nusu ya uwanja, 12 kwa 12. Kocha ashike mpira wa pili. Shambulizi likifika kwenye tao, anapiga kipenga, mpira wa kwanza unaachwa, na wa pili anampa mpinzani popote apendapo. Hesabu hadi 5 kwa sauti, piga kipenga tena, wote wasimame walipo. Pima kwa hatua umbali kati ya kila jirani wawili. Panapozidi mita 20, waambie waliohusika waonyeshe walikuwa wapi kipenga cha kwanza kilipolia. Rudia mara 6, pumzisha dakika 3, kisha anza tena wakiwa wamechoka, kwa sababu wavu hutoboka zaidi robo ya mwisho, miguu inapokuwa mizito.