Mwongozo kwa Dereva Mwenye Ulemavu wa Kuchagua Gari Jipya na Kuliombea Msamaha wa Kodi au Ruzuku

Kabla ya kwenda kwa muuzaji wa magari, mwombaji anapaswa kuwa na taarifa ya daktari na matokeo ya tathmini ya udereva, kwa kuwa nyaraka hizo ndizo msingi wa masharti ya leseni, na masharti hayo ndiyo yanayoamua ni gari gani linalomfaa. Anayeanza na gari huweza kujikuta amelipia chombo ambacho leseni yake haimruhusu kukiendesha.

Taarifa ya daktari ieleze kile ambacho mwili unaweza na usichoweza kufanya, isiishie kwenye jina la ugonjwa. Maneno "mwombaji ana ulemavu wa mguu" hayamsaidii sana afisa anayepitia faili. Lakini akisoma kwamba mwombaji hawezi kukanyaga pedali kwa mguu wa kulia, ilhali mguu wa kushoto na mikono yote miwili ina nguvu za kawaida, anaelewa mara moja kifaa kinachoombwa ni cha nini. Ikiwa hali hupanda na kushuka, ielezwe ilivyo siku mbaya. Katika tathmini, wapimaji huangalia uwezo wa kuona, nguvu ya kufunga breki, wepesi wa kuitikia jambo la ghafla na uwezo wa kuzungusha usukani, kisha huweza kumpeleka mwombaji barabarani kwa majaribio ya kuendesha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, masharti huandikwa kwenye leseni kwa namba: 20 ni breki iliyorekebishwa, 25 ni akselereta (pedali ya mafuta) iliyorekebishwa, 40 ni usukani uliorekebishwa, na 78 ni gari la otomatiki pekee.

Sasa ndipo gari lichaguliwe, na hapa haraka haifai. Anayetumia kiti cha magurudumu apime kimo cha kiti chake kutoka ardhini, kisha akilinganishe na kimo cha kiti cha dereva. Vikikaribiana, kuhama ni kujisogeza, lakini gari likiwa juu sana au chini sana, mabega ndiyo yatakayobeba kazi hiyo kila siku. Mlango unaofunguka kwa upana husaidia, ila ufunguke kiasi ambacho aliyeketi bado anaufikia kuuvuta. Kizingiti kipana chini ya mlango huacha pengo kati ya kiti cha magurudumu na kiti cha dereva, na pengo hilo halionekani kwenye picha za matangazo. Kwa hiyo mwombaji aende na kiti chake, ahame mwenyewe, akipakie, akishushe, na arudie zoezi hilo gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko kidogo. Muuzaji asiyekuwa na subira ya zoezi hilo si wa kufanya naye biashara.

Akishaketi, usukani na kiti virekebishwe hadi kifua kiwe umbali wa sentimita 25 au zaidi kutoka katikati ya usukani, kwa ajili ya usalama mfuko wa hewa unapofumuka. Breki ya kuegeshea inayofungwa kwa kitufe humfaa mwenye mikono dhaifu.

Fundi wa vifaa vya marekebisho aulizwe kabla ya mkataba wa gari kusainiwa. Mkono wa breki na akselereta, yaani wenzo unaoendesha vyote viwili kwa mkono badala ya mguu, huhitaji nafasi chini ya usukani, na katika baadhi ya magari nafasi hiyo ina mfuko wa hewa wa magoti. Akselereta ya mguu wa kushoto nayo iwe ya kukunjwa au kuondolewa, ili mwanafamilia mwingine anayeendesha gari hilo asiikanyage kwa makosa. Winchi ya kupakia kiti na kiti chenyewe cha magurudumu cha umeme vijumlishwe katika uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Anayetaka kuingia ndani akiwa kwenye kiti chake achunguze magari ya umeme kwa makini, kwani mengi yana betri chini ya sakafu na sakafu hiyo haiwezi kushushwa ili aliyeketi kwenye kiti apate nafasi ya kuingia.

Maombi ya msamaha wa kodi au ruzuku, pale yanapokuwapo, yaambatane na taarifa ya daktari, nakala ya leseni na ankara mbili za makadirio zilizotenganishwa: moja ya gari, nyingine ya marekebisho. Jina la mwombaji liandikwe kwa namna ileile katika kila karatasi. Masharti yasomwe hasa kuhusu muda ambao gari haliruhusiwi kuuzwa na watu wanaoruhusiwa kuliendesha, na malipo yasifanywe kabla idhini haijatolewa kwa maandishi, kwa sababu msamaha unaoombwa baada ya ununuzi huweza kukataliwa.

Kampuni ya bima iarifiwe kuhusu kila kifaa kilichofungwa pamoja na thamani yake. Siku ya kukabidhiwa, mwombaji aliendeshe gari akiwa na fundi pembeni, na asisaini hati ya mapokezi hadi mkono wa breki urekebishwe kufuata urefu wa mkono wake.