Somo: Kusoma alama za enzi katika picha za wafalme zilizochongwa kwenye shaba

Mfano wetu ni Louis XIV wa Ufaransa: Hyacinthe Rigaud alimchora kwa rangi mwaka 1701, kisha Pierre Drevet akaichonga picha hiyo kwenye bamba la shaba. Tafuta nakala inayokuzika hadi mistari ionekane mmoja mmoja.

1. Maandishi ya chini. "Pinxit" huandamana na jina la mchoraji, "sculpsit" la mchongaji, "excudit" la mchapishaji. Usimsifu mchongaji kwa alama alizozinakili tu.

2. Upande. Bamba likichapwa, kulia huwa kushoto, hivyo mchongaji makini huchonga kinyume. Wanakili wenye haraka hawakujali. Tazama upanga: mahali pake ni kiunoni, kushoto kwa mfalme mwenyewe. Ukiukuta kulia kwake, usijenge hoja yoyote juu ya "mkono wa kuume".

3. Mikono. Hapa usiharakishe. Louis ameishika fimbo ya enzi kichwa chini: ua la yungiyungi limekita kwenye takia, naye anaiegemea kama bakora. Taji halipo kichwani, limewekwa juu ya takia hilo. Kando yake kuna fimbo yenye kiganja cha pembe ya ndovu, "mkono wa haki", alama ya mfalme aliye hakimu mkuu. Alikuwa na miaka 63, mfalme tangu 1643. Kwa maoni yangu, picha inasema enzi imo mwilini mwake, na vifaa vinamfuata.

4. Ngao, yaani nembo ya ufalme. Mistari ndiyo rangi: ya kulala ni buluu, ya kusimama ni nyekundu, nukta ni dhahabu, patupu ni fedha. Ngao ya Ufaransa ina mistari ya kulala na maua yenye nukta. Ya Navarre, ufalme mwingine wa Louis, mistari ya kusimama na minyororo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, joho la Louis ni la buluu. Mbona mistari yake haikulala?*
Kanuni hiyo ni ya ngao, ndugu yangu. Kwenye nguo mistari hufuata mikunjo na kutia kivuli.

*Yale madoa ya bitana ni ngozi ya chui?*
Hapana. Ni manyoya meupe ya ermini, mnyama mdogo wa nchi za baridi, na kila doa ni ncha nyeusi ya mkia. Ndiyo maana ni marefu na yamepangwa kwa nafasi.

*Tufe lenye msalaba liko wapi?*
Wafalme wa Ufaransa walipotawazwa katika mji wa Reims walikabidhiwa fimbo ya enzi na mkono wa haki. Tufe ni alama ya Uingereza, Dola Takatifu ya Kirumi (milki ya Ujerumani na jirani zake) na falme nyingine kadhaa. Ukilikuta kwenye picha isiyo na jina, anza kutafuta huko.