Huna hela ya DAP, ile mbolea ya dukani ya kupandia? Unga wa Minjingu, samadi na alizeti pori, jinsi ya kuvitumia

Fosfeti, yaani madini yenye fosforasi kama iliyomo kwenye DAP, tunayo hapahapa Tanzania jamani, ule unga wa mawe wa Minjingu, kule Manyara karibu na ziwa, asili yake ni vinyesi vya ndege wa majini wa enzi hizo. Kwa ile P2O5 (kipimo cha fosforasi) inayoandikwa kwenye mfuko ina asilimia 28 hadi 30 hivi, DAP ina 46, sio mbaya, ila hapa ndo wengi wanapigwa: haiyeyuki chap kama DAP, inataka udongo wenye tindikali ndo ifunguke. Kwahiyo pima pH kwanza (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali imezidi), kituo cha utafiti wa kilimo TARI Mlingano pale Tanga wanapima, chuo cha kilimo SUA Morogoro pia. Ikiwa chini ya 5.5 we twende, ikizidi 6 achana nayo kabisa, hiyo hela nunua samadi.

Soma mfuko vizuri, maana kuna nyingine imechanganywa na naitrojeni ya kiwandani. Kiasi ni kama mifuko miwili ya kilo 50 kwa ekari, yaani kisoda kimoja kwa shimo la mahindi, changanya na udongo wa shimo afu panda.

Sasa unga mtupu hauna naitrojeni, mahindi yatakuwa ya njano tu utabaki kulaumu mawe. Naitrojeni itoke kwenye samadi iliyoiva (mbichi inaunguza miche na inaleta magugu) au alizeti pori, ile ya maua ya njano kando ya barabara, kitaalamu inaitwa tithonia. Kata majani na vitawi laini kabla haijachanua, miti migumu acha, katakata, fukia wiki moja kabla ya kupanda. Ni bure, kazi yake ni kubeba tu, na kubeba kwenyewe sio mchezo.

Mi napendelea zaidi kumwagia unga kwenye lundo la mboji, unapanga tabaka tabaka mabua, samadi, majani mabichi, unga kidogo, maji, unarudia hivohivo mpaka usawa wa kifua, chomeka kijiti katikati, ukikichomoa kina joto ujue linaiva, kikiwa kikavu ongeza maji. Geuza kila baada ya wiki mbili tatu, miezi mitatu hivi iko tayari.

Majivu yana potasiamu nzuri ila usiyaweke shimo moja na Minjingu, yanapunguza tindikali, wala usiyachanganye na samadi mbichi, naitrojeni itapotea hewani. Peleka kwenye migomba.