Namna ya Kutumia Skani Kupima Limfoma ya Tumbo

Fomu zinazofika katika chumba cha skani hapa Kisumu huwa na maneno machache, aghalabu "CT ya tumbo, limfoma?", na alama hiyo ya kuuliza ingefaa ipatiwe jibu kabla mgonjwa hajapanda mezani. Limfoma ni saratani ya seli za kinga za mwili, CT ni skani ya eksirei inayotengenezwa kwa kompyuta, na tumbo hapa ni mfuko wa chakula. Skani haitaji jina la ugonjwa. Jina hutolewa na mtaalamu wa patholojia baada ya endoskopi (kamera nyembamba inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni) na vipande kadhaa vya nyama vilivyokatwa kutoka ukuta wa tumbo, kwa kuwa limfoma, saratani ya kawaida ya tumbo na hata vidonda sugu huweza kufanana mno kwa macho. Kazi ya skani ni kueleza ugonjwa umefika wapi; kwa hiyo afisa wa kliniki anayemtuma mgonjwa kutoka Siaya au Nyando aambatanishe ripoti ya endoskopi, hali ya VVU, na kipimo cha kreatinini, maana dawa ya kung'arisha picha hudungwa mshipani na hutolewa mwilini na figo.

Aandike pia aina ya limfoma ikiwa imekwisha kujulikana. Ile iitwayo MALT, ambayo hukua polepole na mara nyingi huchochewa na bakteria wa Helicobacter pylori, huenda isiache alama yoyote kwenye CT, ilhali ile ya seli kubwa za B (aina ya seli za kinga) kwa kawaida huonekana waziwazi. Skani safi, basi, haimwondolei mgonjwa wa MALT ugonjwa wake.

Kinachoharibu picha nyingi ni maandalizi. Mgonjwa hutakiwa asile kwa saa 6 hivi kabla ya kupigwa picha. Nilimpokea mama mmoja aliyetoka Ahero alfajiri, akasisitiza kwamba hajala, kisha picha ya kwanza ikaonyesha kitu mfano wa uvimbe kikielea katikati ya tumbo. Kumbe alikunywa chai kwa mandazi. Aliambiwa asile, na kwake kula ni ugali. Tangu siku hiyo huwa nawaambia wagonjwa, kwa Kijaluo inapobidi, kwamba chai nayo imo.

Tumbo tupu hujikunja, na ukuta uliojikunja huonekana mnene hata kwa mtu mwenye afya. Mpe mgonjwa maji ya kunywa kati ya nusu lita na lita moja, ayanywe taratibu, na glasi ya mwisho aimalize akiwa ameketi juu ya meza ya skani, kwa sababu maji hushuka upesi kwenye utumbo. Usimpe bariamu wala dawa nyingine ya kunywa inayoonekana nyeupe pichani, kwani mng'ao wake hufunika utando wa ndani. Picha huchukuliwa sekunde 70 hivi baada ya kudunga dawa ya mshipani, kuanzia shingoni hadi nyongani. Ikiwa sehemu ya chini ya tumbo bado imenywea, mlaze kwa ubavu wa kulia ili maji yateremkie huko, kisha upige sehemu hiyo peke yake.

Ukuta wa tumbo lililojaa vizuri kwa kawaida hauzidi milimita 5, ingawa karibu na mlango wa kuingilia utumbo mdogo huweza kuzidi hapo bila ugonjwa wowote. Limfoma ya seli kubwa huufanya uwe mnene kupita sentimita 1, wakati mwingine sentimita kadhaa, tena kwa rangi iliyo sawasawa. Jambo linalonishangaza hadi leo ni kwamba tumbo lenye ukuta mnene hivyo mara nyingi bado hutanuka na kupitisha chakula, na mafuta yanayolitenga na kongosho hubaki bila kuvamiwa; saratani ya kawaida hulikakamaza mapema zaidi. Angalia tezi za limfu zilizo chini ya usawa wa mishipa ya figo, kwani zikivimba huelekeza kwenye limfoma. Kisha kagua ini, wengu na tezi za kifuani.

Kina cha ugonjwa ndani ya ukuta hupimwa vyema zaidi kwa altrasaundi ya ndani, inayoingizwa pamoja na endoskopi na kuonyesha matabaka matano ya ukuta. MALT iliyoishia katika matabaka ya juu ina nafasi nzuri ya kupona kwa dawa za kuua bakteria pekee.

Kwa watoto wa ukanda huu wa ziwa, ambako limfoma ya Burkitt si ngeni, anza na altrasaundi ya kawaida ya tumbo: haina mionzi. Ukuta uliovimba huonekana mweusi ukizunguka kiini cheupe, na asiye mzoefu huweza kudhani ameona figo.

Skani ya PET, inayoonyesha seli zinazofyonza sukari yenye mionzi kwa wingi, hulazimu safari ya Nairobi. Inawafaa hasa wenye limfoma ya seli kubwa, na majibu husomwa kwa kipimo cha Deauville cha alama 1 hadi 5, kinacholinganisha mng'ao wa uvimbe na ule wa ini. Kwa MALT ni ya kusomwa kwa tahadhari, kwani uvimbe wenyewe huenda usiwake, na gastriti ya kawaida (uvimbe wa utando wa tumbo usio saratani) ikawaka.

Unaporudia CT baada ya matibabu, tumia kiasi kilekile cha maji, nawe ukiandike katika ripoti ya kwanza ili atakayefuata akijue. Mgonjwa anayetumia dawa za saratani akipatwa na maumivu makali ya ghafla, asinyweshwe maji hayo hata kidogo. Ukuta ulioliwa na limfoma huweza kutoboka uvimbe unapoyeyuka, hivyo apigwe eksirei ya kifua akiwa wima, au CT bila kunywa chochote, kutafuta hewa chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, huku daktari wa upasuaji akiwa amekwisha kuitwa.