Kuchonga kisiki cha jiwe kwa mtindo wa makaburi ya Woodmen

Kwenye makaburi ya zamani ya Indiana, Marekani, na majimbo ya jirani utakuta visiki vya miti vimesimama katikati ya misalaba na mawe ya kawaida. Ukisogea karibu unagundua ni jiwe tupu: gome, vifundo, matawi yaliyokatwa, vyote vimetoka kwenye bonge moja. Vingi ni vya wanachama wa Woodmen of the World, chama alichoanzisha Joseph Cullen Root mjini Omaha, Nebraska, mwaka 1890. Msomaji wa kwetu atakielewa upesi. Kilikuwa chama cha kufa na kuzikana, chenye vikao vyake, alama zake na bima yake, na jiwe la kaburi lilikuwa mojawapo ya haki za mwanachama hadi miaka ya 1920.

Makao makuu yalituma michoro kwa mafundi wa mitaani. Mafundi wakaifuata pale ilipobidi na kwingine wakachonga wanavyojua wao, ndiyo maana ni vigumu kukuta visiki viwili vilivyofanana. Nami nafundisha hivyo hivyo: alama ni ya chama, usiiguse, gome ni lako.

1. Jiwe

Tafuta jiwe la chokaa la Indiana, lile la machimbo ya Bedford na Bloomington. Ndilo lililovalishwa Empire State Building. Lina punje ndogo zinazolingana na halina matabaka ya kukusumbua, kwa hiyo linakatika vizuri upande wowote. Likiwa limetoka machimboni karibuni bado lina maji ndani na ni laini; likikauka linakuwa gumu zaidi. Wanaojua matumbawe ya Lamu na Pate hawatashangaa, kwani nayo huchongwa yakiwa mabichi.

Kwa kuanzia chukua bonge la sentimita 20 kwa 20 kwa 40. Lina uzito wa kilo 37 hivi, watu wawili wanalibeba bila taabu. Kabla ya kulipa, ligonge na nyundo ndogo. Likilia kama kengele, chukua. Likitoa sauti ya kufa, lina ufa ndani, liache hapo hapo.

2. Vifaa

Tindo yenye ncha, patasi ya meno, patasi bapa mbili (pana na nyembamba), nyundo ya chuma ya kilo moja, nyundo ya mbao, tupa, skwea na penseli. Grenda si lazima. Miwani na barakoa ya vumbi ni lazima, hata ukifanyia kazi nje.

Ukifika Bedford, pita makaburi ya Green Hill uone kaburi la Louis Baker, mkata mawe kijana aliyeuawa na radi mwaka 1917. Wenzake walimchongea benchi lake la kazi, likiwa na zana juu yake kama alivyoliacha. Hakuna picha itakayokuonyesha zana za kazi hii vizuri kuliko jiwe lile.

3. Mchoro

Chora pande zote nne, si upande wa mbele peke yake. Anza na mstari wa katikati kwenye kila uso, kisha mduara wa kisiki juu na chini. Wa chini uwe mpana kidogo, maana kisiki hutanuka kikikaribia mizizi. Halafu amua alama zinakaa wapi. Za Woodmen ni shoka, nyundo ya mbao, kabari, na njiwa mwenye tawi la mzeituni. Mara nyingi hukaa pamoja na maneno ya Kilatini *Dum Tacet Clamat*, yaani ingawa amenyamaza, anasema. Visiki vya jiwe vilikuwepo kabla ya chama hiki, kwa hiyo kisiki kisicho na alama ni pambo tu, hakimtaji mwanachama yeyote.

4. Kupunguza

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kabla hujapiga nyundo, paka penseli nzito kila sehemu itakayotokeza: mabaki ya matawi, shoka, njiwa, na bamba la jina. Hizo ni nundu utakazoziacha zimesimama wakati kila kitu kingine kinashuka. Jiwe lililoondoka halirudi, na gundi juani inajulikana tu.

Kata pembe nne upate pande nane, kisha kata tena pembe hizo mpaka uzunguke. Shika tindo ikiwa imelala nusu, kama nyuzi 45. Ukiisimamisha wima unalivunja jiwe ndani kwa ndani na linabaki na madoa meupe yasiyotoka. Piga kutoka ukingoni kuelekea ndani. Ukipiga kuelekea nje, kona inakwenda yote.

5. Alama

Fanya alama kabla ya gome. Shoka lisitenganishwe na kisiki. Acha jiwe nyuma ya mpini wote, kisha chonga kingo zake ziingie ndani kidogo ili kivuli kifanye kazi ya kulitenganisha. Mpini uliochongwa ukasimama peke yake huvunjika baridi ya kwanza ikifika, maji yakiingia na kuganda. Njiwa vilevile: mabawa yaliyokunjwa hudumu kuliko yaliyotandazwa.

Herufi zikatwe kwa umbo la V. Pita kwanza mstari wa katikati ya kila herufi, halafu teremsha kuta mbili zikutane hapo. Kwa herufi yenye unene wa milimita 5, kina cha 3 kinatosha. Miisho ya herufi ifanye mwisho kabisa, kwa patasi nyembamba na nyundo ya mbao.

6. Gome

Kaa hapa muda mrefu kuliko kwingine kote. Tafuta mti halisi, ulaze mkono juu yake, uangalie mifereji inavyokwenda. Haishuki moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Inaanza, inapinda, inagawanyika ikikutana na kifundo, inaungana tena chini yake, inakufa, na mwingine unaanzia pembeni. Anayeanza huchora mistari iliyonyooka na kisiki chake kinafanana na nguzo ya baraza.

Chimba mifereji mikuu kwa tindo, kina kisichofanana: sehemu milimita 3, sehemu 10. Kisha kwa patasi bapa vunja migongo iliyobaki kati ya mifereji, kipande kimoja kimoja, kila pigo likiacha uso mdogo ulioinama upande wake. Usiulainishe kwa msasa. Weka taa pembeni, chini, mwanga uparuze uso wa jiwe. Makosa yasiyoonekana mchana yatajitokeza yote.

Palipokatwa tawi, gome livimbe kuzunguka jeraha, na ndani yake uso uwe laini wenye pete mbili tatu hafifu. Juu ya kisiki fanya hivyo hivyo, ila kitovu cha pete kisikae katikati kabisa.

7. Kumaliza

Jiwe hili halitaki kung'arishwa. Lisugue kwa brashi laini na maji, basi. Siki, ndimu na dawa za choo zinalila. Vanishi nayo inafungia maji ndani, na uso unabanduka. Likienda makaburini, lisikae moja kwa moja kwenye udongo: liweke juu ya msingi wa zege ulioinuka sentimita 10 hivi na wenye mteremko mdogo, mvua isituame miguuni pake.