Pima kama kifurushi chako ni intaneti kweli

Kibandani kwangu nauza vocha na kutengeneza simu. Kila mara naletewa simu nzima kabisa: "Fundi, WhatsApp inaingia, kwingine kote hakufunguki." Naomba kuona meseji ya kifurushi. Ni cha mitandao ya kijamii.

Basi kabla hujalipia, soma menyu mpaka mwisho. Ikiandikwa MB za WhatsApp peke yake, kiungo chochote kinachotoka nje ya WhatsApp kinadai MB nyingine. Mzazi anatumiwa matokeo ya NECTA kwenye kundi la familia. Kipicha na kichwa cha habari anaviona, akigusa, kiduara kinazunguka tu. Akiwa na salio la kawaida, linaweza kuliwa. Vifurushi hivi nauza, ni rahisi, sitamkataza mtu. Ila India mwaka 2016 ilipiga marufuku kutoza bei tofauti kulingana na tovuti, na Free Basics, huduma ya Facebook ya kufungua tovuti chache bure, ikafia huko. Mimi naona walifanya la maana.

Ukishanunua cha kawaida, pima kama mtandao unapunguza kasi ya video makusudi. Zima Wi-Fi, kaa pale pale, fungua fast.com. Hiyo ni ya Netflix na inapima kwa seva zake za video. Papo hapo pima na Speedtest, inayopima kasi kwa seva nyingine. Fast.com ikiwa chini sana kuliko Speedtest kila unaporudia, usiku na alfajiri, kuna namna. Zote zikishuka jioni, huenda mnara umelemewa tu. Angalia MB zako, vipimo hivi vinakula.

Tovuti isipofunguka kabisa, pakua programu ya OONI Probe, ni ya bure. Inajaribu tovuti kupitia laini yako na kulinganisha na majibu ya kwingine. Matokeo huwekwa hadharani pamoja na nchi na jina la mtandao wako, kwa hiyo fikiri kwanza. Likitokea jambo lisilo la kawaida, rudia. Mara moja haitoshi kumshtaki mtu. Kuhakikisha kwa VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya kwingine, ni rahisi, lakini Tanzania kumbuka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mwaka 2023 ilitaka watumiaji wa VPN wajiandikishe.

Ukilalamika, anza na huduma kwa wateja na udai namba ya lalamiko. Ambatisha picha za skrini zenye saa, jina la kifurushi na mahali ulipo. Wakikupiga chenga, peleka yote TCRA. Kenya ni CA, Uganda UCC.