Kuongeza miaka ya lizi ya flati Uingereza na Wales kabla haijagusa 80

Anayenunua flati Uingereza au Wales kwa kawaida hununua miaka ya kuikalia, yaani lizi, si jengo wala kiwanja. Ni jambo linalofanana na hati ya miaka 99 ya Tanzania, ila huku aliye juu yako si serikali. Ni mwenye ardhi, mtu binafsi au kampuni, na miaka ikiisha flati inarudi kwake.

Sheria ya 1993 inakupa haki ya kudai miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na pango la ardhi lishuke hadi “punje moja ya pilipili manga”, yaani hulipi kitu. Mwenye ardhi hawezi kukataa kwa sababu hataki tu. Kinachobishaniwa huwa ni kilemba, yale malipo ya mkupuo anayodai. Lizi yako iwe ilitolewa mwanzoni kwa zaidi ya miaka 21, na flati iwe imesajiliwa kwa jina lako. Sharti la kumiliki kwa miaka miwili kwanza liliondolewa tarehe 31 Januari 2025.

Hatua ya 1: Hesabu miaka iliyobaki

Pakua rejista ya flati kwa pauni 7 kutoka HM Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi, na uagize huko nakala ya lizi. Hakikisha uko kwenye tovuti ya serikali, kwa sababu zipo nyingine zinazouza karatasi hizohizo kwa bei ya juu. Hesabu kuanzia tarehe ya kuanza kwa muda iliyoandikwa kwenye lizi, si siku uliyonunua. Lizi ya miaka 99 iliyoanza tarehe 25 Machi 2007 inagusa miaka 80 Machi 2026, hata kama wewe ulihamia juzi.

Hatua ya 2: Pata hesabu ya mthamini

Tafuta mthamini wa RICS, chama cha kitaaluma cha wathamini, aliyezoea kazi hii hasa, tena katika eneo lako. Chukua flati ambayo ingekuwa na thamani ya pauni 300,000 ikiwa na lizi ndefu, na pango lake ni pauni 100 kwa mwaka. Ikiwa imebakiza miaka 81, mwenye ardhi anafidiwa vitu viwili: pango analopoteza, na kucheleweshewa kurudishiwa flati. Ukishusha pango hilo na flati hadi thamani ya leo, pango kwa asilimia 7 kwa mwaka na flati kwa asilimia 5 (kiwango kilichotokana na kesi ya Sportelli ya 2006), kilemba kinafika kama pauni 7,100.

Ikibaki miaka 78, fidia hiyo inapanda kidogo tu, kama pauni 8,000. Ila sasa kinaingia kitu cha tatu: nusu ya thamani inayoongezeka kwa kurefusha lizi. Mthamini akisema flati hiyo kwa miaka 78 ingeuzwa pauni 280,000, ongezeko la 20,000 likitolewa zile 8,000 linabaki 12,000; nusu yake ni karibu pauni 6,000, na jumla inakuwa pauni 14,000. Miaka mitatu imezidisha bei mara mbili. Nusu hiyo haidaiwi ikiwa imebaki zaidi ya miaka 80 siku unapotoa notisi ya dai (Hatua ya 3). Ikiwa 80 kamili, umeshachelewa.

Sheria ya 2024 inafuta nusu hiyo na kutoa miaka 990, lakini kupitishwa kwa sheria si kuanza kutumika kwa vifungu vyake. Mwenye miaka 81 au 82 asingoje.

Hatua ya 3: Toa notisi ya kifungu cha 42

Hii iandikwe na wakili wa lizi, si yule wa mikataba ya kawaida ya kununua nyumba. Ndani yake kuna maelezo ya flati na lizi, kilemba unachotoa, na tarehe ya mwisho ya kujibiwa, isiyopungua miezi miwili mbele. Taja bei ya chini lakini inayoweza kutetewa. Bei ya mzaha inaweza kuiharibu notisi nzima.

Kosa jingine ni kumpelekea mtu asiyehusika. Unayemlipa pango huenda ana lizi yake mwenyewe juu ya jengo, fupi mno kuweza kukupa miaka 90, kwa hiyo wakili afuate rejista mpaka ampate anayeweza. Kama mwenye ardhi hajulikani aliko, njia ni County Court, mahakama ya madai.

Siku ya notisi ndiyo siku ya kukokotolea bei, hata mabishano yakichukua mwaka. Wakili aisajili notisi Land Registry, ili ardhi ikiuzwa mmiliki mpya abanwe nayo.

Hatua ya 4: Subiri, ukiwa na fedha mkononi

Mwenye ardhi anaweza kumtuma mthamini wake, na kudai amana ya asilimia 10 ya kilemba ulichotaja au pauni 250, ipi iliyo kubwa. Gharama zake za wakili na mthamini, zikiwa za kiasi, ni zako. Za kubishana nawe ni zake.

Wengine huleta barua nzuri wakati huu: tuachane na notisi, tumalizane kirafiki. Soma kwa makini. Nje ya notisi anaweza kukupa miaka michache, na pango la zamani likaendelea mpaka muda wa awali uishe.

Hatua ya 5: Tarehe za kutokosa

Mwenye ardhi asipojibu kwa wakati, una miezi 6 ya kwenda County Court, na ukishinda unapata lizi kwa masharti ya notisi yako. Akijibu na msielewane, peleka maombi First-tier Tribunal, baraza la migogoro ya nyumba, baada ya miezi 2 na kabla ya miezi 6 tangu jibu lake. Ukipitisha siku moja, dai linahesabika limeondolewa: unalipa gharama zake na kungoja miezi 12 kabla ya kuanza upya. Peleka maombi hata kama mazungumzo yanaenda vizuri. Kesi nyingi humalizika kabla ya kusikilizwa.

Hatua ya 6: Saini na usajili

Masharti yote yakishakubaliwa, saini ndani ya miezi miwili. Ikipita, una miezi miwili mingine ya kwenda mahakamani. Ukiwa na mkopo wa nyumba, wakili aihusishe benki mapema, kwa sababu dhamana yake inahamia kwenye lizi mpya. Baada ya usajili, pakua rejista upya na usome miaka iliyoandikwa: 81 iwe imekuwa 171, na pango liwe pilipili manga.